Tupeane uzoefu: nzi gani wa kadisi hajawahi kukuangusha kwa trauti?

Jiliwa
Wakuu, leo nilikuwa napanga kisanduku cha nzi, hizi ndoana tunazozifunga nywele zifanane na kadisi, yule mdudu wa majini anayeliwa na samaki trauti, nikakuta Elk Hair Caddis wa ndoana namba 16, bawa limebaki nywele tatu, mwili umetafunwa na meno ya trauti. Nikashindwa kumtupa. Huyu alinipa samaki saba jioni moja. Kila mtu amtaje wa kwake na kisa chake. Nzi ambao hamjawahi kuwalowesha msituletee.

Mzee wa Mkondo
Elk Hair. Al Troth alimbuni 1957 na mpaka leo hakuna aliyemng'oa kitini.

Buu la Kijani
Mzee shikamoo, ila hapo umezidisha. Kadisi sehemu kubwa ya maisha yake ni buu chini ya maji, juu anakuja kuoa na kutaga tu. Nyie mnahesabu siku za harusi. Mimi nzi wangu ni wa buu, namba 14, mwili wa kijani, kichwa cheusi, uzito wa risasi ndani, nampitisha kwenye mawe. Basi.

Mzee wa Mkondo
Marahaba. Kuburuza risasi kwenye mawe si kuvua, ni kulima.

Usiku Kucha
😂😂 mzee kaua

Bi Manyoya
Mmenikumbusha jioni moja nilitaka kuvunja ufito kwa goti. Kadisi wametoka mpaka wanaingia puani, trauti wanaruka hadi maji yananipiga mapajani. Nikarusha Elk Hair. Kimya. Nikashuka hadi namba 18, mdogo zaidi, kimya. X-Caddis, kimya. Nikabadilisha uzi wa mwisho nikaweka mwembamba zaidi, nikidhani wanauona. Saa nzima samaki wananicheka.

Mwishowe nikaacha kurusha nikatazama. Maji yanachanuka kwa kishindo, lakini pua ya samaki siioni, wala povu halibaki. Kumbe hawakuwa wakila juu! Walikuwa wakiwakimbiza pupa, yaani mabuu yanayogeuka kuwa kadisi wa mabawa, wakipanda juu, na ile kasi ndiyo iliyokuwa ikiwatoa samaki majini. Nikafunga Sparkle Pupa ya Gary LaFontaine, yule aliyekuwa akizamia kwa mitungi ya hewa kuwatazama trauti wakila. Zile nyuzi za sintetiki za Antron zinashika vipovu, nzi anang'aa kama pupa mwenyewe. Nikamwacha ateremke na mkondo, mshipi ukanyooka, akaanza kupanda. Pu! Wa kwanza. Pu! Wa pili. Wa tatu, mkubwa kuliko wote, akakata uzi. Ule mwembamba niliouweka kwa hasira.

Jiliwa
Pole dada. Uzi wa hasira unatugharimu wengi.

Maji Baridi
Goddard Caddis mnamsahau? Nywele za kulungu zimebanwa mpaka zinakuwa kama kizibo, hata kwenye maji ya fujo hazami. Mtekenye kidogo, aburuzike juu.

Mzee wa Mkondo
Usimtekenye. Mwache aende na maji.

Maji Baridi
Kadisi hai anatambaa juu ya maji mzee, mimi nimemwona kwa macho yangu.

Mzee wa Mkondo
Na mimi nimeona samaki wakimkimbia wako.

Sikio Moja
Nyie bishaneni, mimi Elk Hair alinivua mwenyewe. Upepo unatoka upande wa mkono wa kurushia, na mimi kwa kiburi siku hiyo kofia sikuvaa. Narudisha mshipi mbele, nasikia kama nyuki kanidunga. Nagusa sikio: nywele za elki zimesimama kama hereni. Namba 14, na kile kimwiba cha nyuma kinachozuia ndoana isichomoke sikukibana.

Ndugu yangu akatoa koleo avute. Nikamwambia ukivuta hivyo unaondoka na sikio. Akakata kipande cha mshipi mnene, akakipitisha kwenye tumbo la ndoana, kidole kikakandamiza jicho la ndoana kwenye ngozi. "Nikihesabu tatu." Akavuta kwenye moja! Ikatoka kama haikuwahi kuwepo. Damu tone moja.

Usiku Kucha
Mamaaa 😭

Bi Manyoya
Ingekuwa jichoni je? Hapo usiguse kitu, ni hospitali moja kwa moja. Vaeni miwani jamani.

Buu la Kijani
Mimi nasukuma ncha itokee upande wa pili, nakata kimwiba, narudisha.

Maji Baridi
Hiyo ni kutoboa mara mbili. Baneni vimwiba kabla ya kurusha, kwisha habari.

Mzee wa Mkondo
Ukibana samaki wanachomoka.

Sikio Moja
Mzee, na mimi ningechomoka.

Buu la Kijani
Mabuu yangu hayajawahi kupanda sikioni. Nasema tu.

Jiliwa
Jamani, nilianzisha uzi wa nzi umekuwa wa masikio. Sikio Moja, huyo nzi ulimfanyaje?

Sikio Moja
Nilimpuliza akakauka, nikamrudisha majini. Wawili kabla ya giza.

Mzee wa Mkondo
Si nilisema? Elk Hair.