Ukoo wa Bibi Mwanaidi: gumzo la Jumatano usiku, 4 Novemba 2020

*Juma (Dar):* Shangazi shikamoo. Uko kazini? Vipi huko Marekani, jimboni Maine, yule seneta wenu Susan Collins ameshang'oka kwenye uchaguzi?

*Shangazi Rehema (Portland):* Marahaba baba. Ang'oke nani? Mpinzani wake wa Democratic, Sara Gideon, ameshampigia simu Collins kumpongeza. Yamekwisha.

*Juma:* 😳😳 Si tafiti zilikuwa zinampa Gideon miezi yote hii?

*Ba'mdogo Salim (Tanga):* Nilikwambia Juma.

*Shangazi Rehema:* Tena si kwa kubahatisha. Collins 51 kwa mia, Gideon 42. Na Biden kashinda jimbo hili hili!

*Zuhura:* Hapo mmeniacha. Collins si Republican, na Biden ni Democratic?

*Shangazi Rehema:* Ndiyo. Mama mmoja wa zamu yangu ana bango la Biden uani, na kura ya useneta kampa Collins. "Namjua, ni wa Caribou." Hiyo ndiyo sababu yake yote! Caribou ni kaskazini kabisa huko, kwenye mashamba ya viazi. Yuko Seneti tangu 1997 na hajawahi kukosa kupiga kura hata mara moja.

*Ba'mdogo Salim:* Hata akiugua?

*Shangazi Rehema:* Hata akiugua.

*Juma:* Lakini alimpitisha Kavanaugh kuwa jaji wa Mahakama ya Juu 2018, watu wakawaka.

*Shangazi Rehema:* Waliwaka, na hela za Gideon zikamiminika kutoka majimbo mengine. Matangazo mpaka nikawa nazima tivii. Mimi naona hizo hela ndizo zilizomponza, wenyeji hawapendi kuchaguliwa mtu. Halafu juzi Collins akamkataa Barrett, jaji mwingine wa mahakama hiyo hiyo, Republican pekee aliyefanya hivyo.

*Zuhura:* Na ile karatasi ya kupanga chaguo la kwanza, la pili?

*Shangazi Rehema:* Wagombea 4. Savage, yule wa kujitegemea, alikuwa anasema niwekeni mimi wa kwanza, Gideon wa pili. Lakini chaguo la pili linahesabiwa asipopatikana wa kuvuka nusu. Collins kavuka.

*Ba'mdogo Salim:* Juma, dau letu: mchele wangu wa Mbeya kilo tano. Basi la kesho asubuhi.

*Juma:* Ba'mdogo, kura hazijaisha kuhesabiwa 😩

*Ba'mdogo Salim:* Mwenyewe kakubali, wewe nani?

*Zuhura:* Shangazi, wewe ulimpa nani?

*Shangazi Rehema:* Kura siri mwanangu.

*Ba'mdogo Salim:* Basi kampa Collins.

*Shangazi Rehema:* Salim!