Gridi za data za bure zinatuumbua mbele ya wateja, na wanaozisambaza humu jukwaani wamenyamaza

Wakuu, nimekaa na hili moyoni muda mrefu, leo nalisema.

Hawa watengenezaji wa vidhibiti vya nyongeza, yaani gridi (majedwali ya kuonyesha na kuandika data), vichujio, kalenda na vitufe vya kutoa ripoti tunavyobandika kwenye mifumo yetu ya kanzidata, wanatufanyia unyama. Wanakupa kitu bure na ruhusa zote. Unajenga mfumo mzima juu yake, unausakinisha kwa wateja, watu wanauzoea. Hapo ndipo leseni inapobadilika.

Mimi nimejenga mfumo wa mikopo wa chama kimoja cha akiba na mikopo cha walimu. Skrini kuu ni gridi: jina la mwanachama, hisa, akiba, salio la mkopo, rejesho la mwezi. Mhasibu anaandika humo humo ndani ya seli kama alivyozoea kwenye Excel, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyomfanya akubali kuachana na madaftari. Leseni ya ile gridi niliisoma yote kabla sijaigusa. Ilikuwa huria: ruksa biashara, ruksa kurekebisha, ruksa kusambaza. Sasa limetangazwa tundu la usalama, yaani kasoro ambayo mdukuzi anaweza kupenyea, kwenye toleo tunalotumia, na tiba yake imewekwa kwenye toleo jipya tu. Toleo jipya kwa biashara ni la kulipia, kwa dola, kwa kila msanidi (mwandishi wa programu), kila mwaka.

Kwa hiyo nichague: niache tundu wazi kwenye mfumo unaobeba akiba za walimu, au nikamwombe mteja pesa ambazo hazikuwemo kwenye mkataba. Nilikwenda kuwaeleza viongozi wa chama. Mwenyekiti akaniuliza mbele ya kamati nzima, "Ina maana ulituuzia kitu ambacho si chako?" Mtu mzima, mwalimu wa miaka mingi, ananitazama kama tapeli, kwa uamuzi uliofanywa na watu ambao hawatakaa wajue chama chake kipo.

Msiniambie ni bahati mbaya ya gridi moja. Handsontable, gridi nyingine ya kurasa za wavuti, ilikuwa na leseni ya MIT, ile huria inayoruhusu hata biashara, hadi toleo la 6.2.2. Machi 2019 likaja toleo la 7 na leseni nyingine kabisa, matumizi ya kibiashara yakawa ya kulipia. EPPlus, ambayo watu wa .NET (jukwaa la Microsoft la kuandikia programu) wameitegemea miaka na miaka kutoa ripoti za Excel, ilikuwa na leseni huria ya LGPL mpaka toleo la 4. Mwaka 2020 likatoka la 5 na leseni ya Polyform inayokataza biashara, na usipotaja ndani ya msimbo (maandishi ya programu) kwamba unaitumia kwa leseni ipi, programu inatupa kosa na kugoma. Ukikaa toleo la zamani hakuna anayekushitaki, ni kweli. Lakini matundu ya toleo la zamani nani anayaziba?

Sipingi mtu kulipwa jasho lake. Watengenezaji wa gridi ya AG Grid wanakwambia tangu mlangoni: toleo la jamii ni MIT, ukitaka kupanga mistari kwa makundi, jedwali egemeo (pivot) au kutoa faili la Excel, lipia Enterprise. Unapiga hesabu zako kabla hujaandika hata mstari mmoja, na bei unamwambia mteja siku ya makubaliano. Hao siwezi kuwalaumu hata kidogo. Hasira yangu ni kwa anayesubiri mpaka umeshafungwa.

Na wazee wa Access na VB6, zana za zamani za Microsoft za kujengea mifumo, wanalijua hili kwa sura nyingine. Zile OCX, yaani faili za vidhibiti, za bure zilizojaa mtandaoni zinakuja zimefungwa, msimbo wake hauonekani. Office ya biti 64 haipakii OCX ya biti 32, na kuanzia Office 2019 usakinishaji wa kawaida ni biti 64. Mteja ananunua kompyuta mpya, anafungua fomu yake ya malipo, palipokuwa na gridi hapafanyi kazi. Aliyeitengeneza alishapotea zamani. Hata Microsoft wenyewe waliiondoa kalenda yao, MSCAL.OCX, kwenye Access 2010, na fomu zilizoitegemea zikavunjika. Wenzetu wanaoandika kwa Delphi waliochukua vidhibiti huria vya JVCL au ZeosLib wako salama zaidi kwa sababu msimbo wote wanao. Lazima wauchambue na kuukusanya upya wenyewe ikibidi, lakini hawamsubiri mtu.

Sasa nageukia humu jukwaani, kwa sababu ile gridi niliijua kupitia kiungo kilichobandikwa hapa, na mpaka leo bandiko lile lipo juu kabisa likisema ni bure. Vijana wanaendelea kulifuata na kujengea zahanati, shule na maduka ya dawa. Aliyelibandika ameulizwa mara kadhaa na hajibu. Kaka, ingia urekebishe. Andika toleo lipi ni huria, lipi ni la kulipia, na kama msimbo upo au haupo. Hilo halikuchukui hata dakika tano, na kuna mtu sasa hivi anasaini mkataba kwa kukuamini wewe. Wasimamizi nao, bandiko lolote la kidhibiti lisilotaja namba ya toleo na jina la leseni liondoeni.

Mimi nahamia gridi ya Tabulator, ambayo leseni yake ni MIT. Aliyewahi kuhamisha gridi inayoandikika yenye mistari maelfu aje aniambie: kuhariri ndani ya seli na kubandika kutoka Excel kunakwendaje, na inakuwa nzito kiasi gani kwenye kompyuta za ofisini za zamani? Lazima nimalize kabla ya mkutano mkuu wa chama.