Naombeni ushauri: nina wito wa kwenda Dungu, familia iko Lubumbashi

Mtumishi_Katuba: Bwana asifiwe, wapendwa. Ni mwinjilisti, nina mke na watoto. Moyo haunitulii, nataka kwenda vijiji vya Wazande huko Dungu, Bas-Uele. Kuna kanisa halina mchungaji. Nitangulie peke yangu au tuhame wote? Usingizi umenipotea.

Mama_Ruashi: Amina, mtumishi! Marehemu baba yangu alikuwa katekista upande wa Isiro, pale alipouawa yule sista, Mwenye Heri Anuarite, tarehe 1 Desemba 1964. Baba akilitaja jina hilo alikuwa anavua kofia. Nenda!

Fundi_Kampemba: Mke anasemaje? Hilo umeliruka.

Mtumishi_Katuba: Ataelewa.

Fundi_Kampemba: Kumbe hajui. Na nauli inatoka wapi?

Mtumishi_Katuba: Tuna parsele (kiwanja) Ruashi, naiuza, nimeshapokea avansi. Ndiyo, mke wangu aliachiwa na mama yake, lakini tukishaoana mali ni yetu sote. Mmisionari C. T. Studd naye alimwacha mkewe Uingereza, akaja Kongo 1913, akafia Ibambi 1931. Mbona yeye anasifiwa?

Dada_Kamalondo: Mke wa Studd alijua yote, ndiye aliyebaki akiendesha kazi ya misheni kule kwao. Na urithi alioutoa Studd ulikuwa wa baba yake mwenyewe. Marehemu mume wangu naye aliuza cherehani yangu kwa ajili ya mkutano wa injili. Mpaka leo nashona kwa kuazima.

Mzee_BelAir: Jamani, tunachezewa. Dungu iko Haut-Uele! Umeitwa mahali usipojua hata mkoa wake? Kule ni Kizande na Lingala, Kiswahili chako utamhubiria nani? Uzi wa kutunga huu.

Mtumishi_Katuba: Sijatunga, mzee. Mtu aliyeniita kule ndiye aliyeandika hivyo. Lingala nitajifunza.

Mzee_BelAir: Basi sikiliza. Kule kule, Faradje na Doruma, waasi wa LRA kutoka Uganda waliwaua watu Krismasi ya 2008. Waliobaki wanahitaji mchungaji wa kukaa nao, siyo anayekimbia shauri la nyumbani kwake.

Fundi_Kampemba: Rudisha avansi kabla mnunuzi hajaanza kujenga.

Mtumishi_Katuba: Ameshamwaga mchanga.

Mama_Ruashi: Baba, mimi nakaa Ruashi. Mchanga ukimwagwa asubuhi, jioni habari iko sokoni. Mwambie mama watoto usiku huu huu.