Klemu (dai la bima) ya skoliosisi (mgongo kupinda upande) imerudishwa, na kibiongo cha TB naweka namba gani? Naombeni msaada

Rekodi_Mpya
Habari za jioni wakuu. Mimi nipo rekodi hospitali ya wilaya, mwezi wa nne huu, kazi yangu kuingiza diagnosisi kwenye sistimu kwa namba za ICD-10 (orodha ya WHO, Shirika la Afya Duniani, inayoupa kila ugonjwa namba yake) na kuandaa fomu za bima. Nina mafaili mawili yamenikalisha ofisini mpaka saa hizi. La kwanza ni binti wa miaka 14, daktari kaandika skoliosisi ya kifuani, pembe ya Cobb (kipimo cha mgongo umepinda kiasi gani) digrii 32, basi. Nikagugo nikapata M41.124 nikaweka, klemu imerudi wanasema namba hiyo haipo. Nikaikata nikaacha M41.12, sistimu ikakubali ila maelezo yaliyotokea pembeni yanasema shingo, na huyu binti shingo yake haina shida yoyote!! La pili ni mzee wa miaka 61, faili lina mstari mmoja tu, "kibiongo, TB ya uti wa mgongo". Hapo naweka M40 (ya kibiongo) au naweka ya TB? Mwenzangu ananiambia weka yoyote ili mradi hela itoke, ila roho inagoma maana haya maandishi ndo yanamfuata mgonjwa kila aendako.

kaka_wa_klemu
Binti M41.9, mzee M40.2, tuma. Mimi huwa nafanya hivyo na hazirudi.

Bi_Takwimu
Hapana kaka, usimfundishe mwenzio hivyo. Hizo ni namba za "haikutajwa" au "nyinginezo", zipo kwa ajili ya pale taarifa haipo kabisa au ipo ila haina namba yake, sio pale tumechoka kuitafuta.

Rekodi_Mpya mdogo wangu, kosa lako la kwanza ni Gugo. Ile M41.124 ni namba halali ila ni ya Marekani, wenzetu wana toleo lao linaitwa ICD-10-CM, wameanza kulitumia Oktoba 2015 na wameongeza tarakimu nyingi ambazo kitabu cha WHO hakina. Kwao M41.12 ni skoliosisi ya vijana balehe halafu tarakimu ya sita ndo inataja sehemu ya mgongo. Kwenye kitabu cha WHO hiyo skoliosisi ya vijana ipo ndani ya M41.1, na tarakimu ya tano ndo inataja sehemu: 2 shingo, 4 kifua, 5 pale kifua kinapokutana na kiuno, 6 kiuno, 9 haikutajwa. Ndo maana ulivyokata ile 4 ya mwisho ukabaki na shingo, sistimu haikukosea. Na angalia sana sifuri, kwa WHO 0 ni sehemu nyingi za mgongo, kwa Wamarekani mara nyingi ni sehemu isiyotajwa, hapo wengi tunaumia bila kujua kwa sababu sistimu inapokea tu hailalamiki.

Kwa hiyo binti ni M41.14, LAKINI kama daktari amethibitisha kwamba chanzo hakijulikani. Umesema kaandika skoliosisi basi, kwa maandishi hayo unaruhusiwa M41.94 tu. Rudi kwake umuulize.

fizio_mikono
Naunga mkono kumuuliza daktari, mi nawaona hawa watoto kila wiki. Mgongo uliopinda mmoja ukiuangalia kwa macho unafanana na mwingine ila chanzo tofauti kabisa. Mwenye mtindio wa ubongo au aliyepata polio huyo ni M41.4, aliyezaliwa na pingili nusu hata kwenye M hayupo, anaenda Q76.3. Na matibabu yao hayafanani, huyu utamvalisha bresi huyu utampeleka kwa mpasuaji mapema. Halafu mkiona daktari kaandika kaifoskoliosisi (kibiongo pamoja na kupinda upande) msiende M40 kwa sababu neno limeanza na kaifo, kitabu kinaipeleka M41.

Rekodi_Mpya
Asanteni sana, hilo la sifuri nimeliandika ukutani. Na mzee je?

Bi_Takwimu
Mzee swali ni moja: TB bado ipo au ilishapona ikaacha kibiongo? Kama ipo, ni A18.0 (TB ya mifupa) yenye alama ya kisu (†) ikifuatiwa na M49.0 (TB ya uti wa mgongo) yenye kinyota (*). Ya kisu ndo ugonjwa wenyewe inatangulia, ya kinyota haikai peke yake hata siku moja. Kama ilipona miaka hiyo, unaanza na kibiongo chenyewe M40.1 halafu unaongeza B90.2, maana yake mabaki ya TB ya mifupa. Ukimwekea A18.0 mtu aliyepona umeongeza mgonjwa wa TB ambaye hayupo, na ukimwekea M40 mwenye TB hai umemficha, mtu wa TB akipekua takwimu hamuoni.

kaka_wa_klemu
Nimesoma yote. Kweli nilikuwa nakosea, kesho narudia mafaili yangu ya mwezi huu.

Rekodi_Mpya
Nimerudi wakuu. Daktari wa binti kasema wamemchunguza hawakuona chanzo, kaongeza kwenye faili na kasaini, nimeweka M41.14. Kuhusu mzee mi nilikuwa na uhakika ni ya zamani kwa jinsi kibiongo kilivyo, nilishaandika kabisa M40.1 na B90.2, nikasema ngoja niulize tu. Daktari akafungua picha akanionyesha pingili mbili zimeliwa na jipu pembeni yake, dawa kaanzishwa wiki iliyopita, kadi ya TB anayo mfukoni. Nimefuta, nimeweka A18.0 na M49.0, na nimepeleka jina lake mwenyewe kliniki ya TB wahakikishe yupo kwenye rejista yao.