Naomba ushauri: nawezaje kujua halmashauri yetu inalipa kiasi gani kwa matangazo ya gazeti?

Habari za jioni wadau. Niko mkoa wa Tanga, halmashauri sitaitaja. Juzi kwa kinyozi nimekuta gazeti, ukurasa mzima wa rangi: salamu za pongezi, picha ya mkurugenzi juu, madiwani wamepangwa chini kama timu ya mpira. Ingekuwa tangazo la zabuni ningeelewa, ingawa zabuni nazo siku hizi ziko NeST, ule mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni. Pongezi zinamsaidia nini mama wa dagaa, na choo cha soko kimefungwa?

Simtuhumu mtu wizi. Nataka kujua bei ya ukurasa ule, fungu lililolipa na nani aliyechagua gazeti. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inasema ukiomba kwa maandishi ujibiwe ndani ya siku 30. Je, barua niipeleke kwa mkurugenzi moja kwa moja, au nimwombe diwani aulize kwenye baraza? (Diwani wangu naye yumo pichani, mstari wa pili, anatabasamu.) Wakikaa kimya nikimbilie wapi? Aliyewahi kuandika barua ya namna hii anielekeze, tafadhali.