Mzazi aliyefiwa anapoitwa shujaa uwanjani: tumpe pole au tumpe hongera?

Mtoa mada, Ujiji

Ndugu zangu wa Kigoma na majirani zetu wa Tabora, ninaleta hoja ambayo imeninyima utulivu tangu fainali ya ligi yetu ya mtaa, na ninaileta nikiwa mshitaki na mshitakiwa kwa pamoja, kwa sababu katika kikao kilichopitisha jambo lenyewe mimi nilikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono.

Wakati wa mapumziko tulimwita katikati ya uwanja baba mmoja ambaye mwanawe wa miaka 12 alizama ziwani mwaka jana, alipokwenda kuogelea na wenzake baada ya masomo. Mshereheshaji alimtangaza kuwa shujaa wa jamii na kuomba makofi ya nguvu, waendesha bodaboda wakapiga honi, kisha akakabidhiwa bahasha na cheti kilichotiwa kwenye fremu. Yule baba alikishika cheti kwa ncha za vidole, mbali na kifua, kama mtu aliyepokezwa sufuria ingali ya moto. Alipokuwa akitoka, mtu wa kwanza kumpa mkono alimwambia, "Hongera sana, mzee wangu." Naye akajibu, "Nimeshapoa."

Kila anayezungumza Kiswahili anajua kwamba hilo ni jibu la pole, wala silo jibu la hongera. Sidhani kwamba hakumsikia vizuri yule kijana. Nadhani masikio yake yalikuwa yamezoea neno moja tu kwa mwaka mzima, na sisi tukamletea jingine bila kumwandaa.

Swali langu ni hili: je, kufiwa na mtoto kunamfanya mzazi awe shujaa? Wazee wetu wana neno kwa mzazi wa namna hiyo, nalo ni mwenye subira. Humwombea subira msibani, katika khitma na hata baada ya arobaini. Subira huombewa mtu kwa kuwa inajulikana kwamba inaweza kumwishia. Ushujaa haumpi mtu nafasi hiyo, kwa maana aliyekwisha kutangazwa shujaa mbele ya mtaa mzima atalia wapi Jumatatu asubuhi?

Desturi yenyewe tumeiazima. Huko Marekani ni jambo la kawaida, mchezo wa besiboli unaposimama kati ya vipindi, kumwita uwanjani mtu aliyetangazwa shujaa wa jamii, na mara nyingine huwa ni mzazi aliyefiwa. Wenzetu wana historia yao katika jambo hilo. Tangu Vita Kuu ya Kwanza familia yenye kijana vitani ilitundika bendera yenye nyota ya buluu, na kijana akifa nyota hiyo ilifunikwa kwa nyingine ya dhahabu. Mwaka 1936 Bunge lao likaitenga Jumapili ya mwisho ya Septemba kuwa siku ya akina mama wa Nyota ya Dhahabu. Heshima ile inatokana na taifa kukiri kwamba lilimchukua mtoto wa mtu. Sasa jiulize: mtoto wetu alichukuliwa na nani? Alichukuliwa na maji ya ufuko usiokuwa na mwangalizi wala kamba, na baadhi ya sisi tuliopiga makofi ndio ambao tungepaswa kuulizwa ni kwa nini.

Sisemi kwamba mzazi aliyefiwa hastahili heshima hata kidogo. Candace Lightner wa California alimpoteza binti yake wa miaka 13 mwaka 1980, akigongwa na dereva mlevi ambaye alikuwa amekwisha kupatikana na hatia ya kosa kama hilo kabla. Mwaka huohuo akaanzisha chama cha akina mama dhidi ya ulevi barabarani, na kufikia mwaka 1984 nchi nzima ilikuwa na sheria ya kuyasukuma majimbo yaweke miaka 21 kuwa umri wa kununua pombe. Huyo aliheshimiwa kwa tendo. Mfano ninaoupenda zaidi unatoka katika mpira wenyewe. Tarehe 15 Aprili 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, msongamano uliwaua mashabiki wa Liverpool ambao idadi yao sasa ni 97, akiwemo Kevin, mtoto wa miaka 15 wa mama aliyeitwa Anne Williams. Uchunguzi wa kwanza wa vifo ulikataa kupokea ushahidi wa yaliyotokea baada ya saa tisa na robo alasiri, kwa madai kwamba wote walikuwa hawaokoleki tena. Mama huyo akawatafuta mashahidi mmoja mmoja, hata akampata askari wa kike aliyesema kwamba mtoto alitamka neno "mama" muda mfupi kabla ya saa kumi. Matokeo ya uchunguzi ule yalifutwa Desemba 2012, mama akafariki dunia Aprili 2013, na tuzo ya ujasiri ya BBC ikatolewa kwa jina lake Desemba ya mwaka huo, miezi minane baada ya kuzikwa kwake.

Baba yetu naye ana tendo, na hapa ndipo aibu yangu inapoanza. Tangu arobaini ya mwanawe, kila Jumamosi huenda ufukweni na dumu tupu la lita 20 lililofungwa kamba, akawafundisha watoto kwamba mwenzao akizidiwa na maji wasimrukie, bali wamrushie dumu na kumvuta. Hivyo ndivyo hata Shirika la Afya Duniani linavyoshauri: watoto wa umri wa kwenda shule wafundishwe kuogelea na kuokoa kwa njia salama, kwa kuwa anayemrukia mwenzake bila ujuzi huzama naye. Mshereheshaji hakulitaja dumu hata mara moja. Karatasi tuliyompa, ambayo niliiandika mimi, ilikuwa na sentensi moja: "Amempoteza mtoto wake."

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba aheshimiwe kwa ajili ya lile dumu, na kwa kifo apewe pole, na mambo haya mawili yasichanganywe katika dakika tano za mapumziko. Karibuni mnisahihishe.

Mchangiaji wa Tabora

Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma kwa makini, na naomba kupingana nawe kwa adabu zote, kwa sababu naona unaogopa kelele za uwanja kuliko unavyouogopa ukimya.

Hapa kwetu, siku ya Idi el Fitri ya mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa kwa msongamano na kukosa hewa katika ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Walikuwa wamevaa nguo mpya za sikukuu. Wazazi wao wengi wangali wanaishi mjini humu, tunapishana nao sokoni, na watoto wetu waliozaliwa baada ya mwaka ule hawajui chochote kuhusu tukio hilo. Unasema tungoje mpaka mzazi afanye tendo. Je, yule ambaye tendo lake pekee lilikuwa kuamka kesho yake, akawapikia waliobaki na kuwapeleka shule, tumwache akae kando hadi anunue dumu? Mimi ningefurahi kuona siku moja, kabla ya mechi katika Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, majina ya watoto wale yakisomwa na wazazi wao wakiwa wamesimama pale katikati. Kama neno "shujaa" linakusumbua, liache. Lakini usiwaondolee uwanja, maana hakuna mahali pengine ambapo mji mzima hukusanyika bila kuulizana dini wala chama.

Halafu, kwa heshima, naona hoja yako ya kuazima haina uzito. Hata mpira tumeuazima.

Mama wa Kibirizi

Nimewasoma baba zangu wote wawili, na mnajadili kana kwamba sisi wenyewe hatumo humu.

Mimi nimemzika mwanangu wa kiume miaka sita iliyopita. Siku ya mazishi watu walinisifu kwamba ni jasiri kwa kuwa sikulia. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado sijaelewa kilichotokea, na nilipokuja kuelewa, wiki ya tatu, turubai lilikuwa limekwisha kukunjwa na viti kurudishwa kwa mwenyewe. Baada ya arobaini watu walianza kunikwepa. Wateja niliokuwa nikiwauzia dagaa walipita upande wa pili, si kwa ubaya, bali kwa kuwa pole walikuwa wamekwisha kuitoa na hawakuwa na neno jingine. Laiti angetokea mtu wa kuniita uwanjani, huenda ningekwenda, ili mradi watu waanze kunisalimia tena.

Lakini kuna jambo ambalo hamkuligusa. Huyo baba aliambiwa mapema? Mama wa mtoto aliulizwa? Kuna mke wake pale, naye pia ni mzazi, na katika maelezo yote ya mwalimu sijamwona aliposimama.

Mtoa mada, Ujiji

Dada yangu wa Kibirizi, nimelisoma swali lako mara mbili, nikafunga simu na kutoka nje. Baba aliambiwa asubuhi ya siku yenyewe, kwa ujumbe mfupi, kwamba afike uwanjani kwani "kuna jambo lake". Mama wa mtoto hakuulizwa wala hakualikwa. Katika kikao chetu cha watu tisa, wanaume watupu, jina lake halikutajwa.

Kwa ndugu yangu wa Tabora ninakubali jambo moja na ninakataa moja. Ninakubali kwamba nilifanya kosa nilipotaka mzazi alipie heshima yake kwa tendo, na picha yako ya majina yakisomwa imenishinda. Ninachokataa ni kwamba neno "shujaa" ni la kuachwa au kuchukuliwa tu. Katika mkoa huu neno hilo limevaliwa na timu nzima, Mashujaa, wanaocheza Uwanja wa Lake Tanganyika. Na kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huweka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale kwa ajili ya waliokufa, bila kumtaka mama yeyote asimame na kupungia watu mkono.

Tarehe hiyo, kwa kweli, ina mengi kwetu. Ilikuwa 25 Julai 2021 pale Simba walipoifunga Yanga 1–0 hapahapa Kigoma katika fainali ya Kombe la Shirikisho, kwa kichwa cha Taddeo Lwanga, na kila mtu anakumbuka alikuwa amesimama wapi. Wachache wanajua kwamba siku hiyohiyo ndiyo iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza kuwa Siku ya Kimataifa ya Kuzuia Kuzama, baada ya Umoja wa Mataifa kuipitisha Aprili mwaka ule. Uwanja ulijaa, na ziwa lipo umbali mfupi tu, lakini sikumbuki kumsikia yeyote akilitaja jambo hilo.

Jana jioni nilikwenda nyumbani kwa yule baba, safari hii nikamwomba mama naye akae nasi, nikawauliza kama wangependa kuheshimiwa tena Julai ijayo, na kwa namna gani. Baba alinyamaza kwa muda. Cheti kilikuwa juu ya kabati, kimegeuziwa ukutani. Mama ndiye aliyejibu: wasiitwe uwanjani, ila wachezaji wa timu zote mbili waje ufukweni asubuhi, kabla upepo haujaanza, kila mmoja na dumu lake na kamba, na jina la mtoto litajwe mara moja tu, na atalitaja yeye. Kisha akaniuliza kamba nzuri inauzwa shilingi ngapi siku hizi kwa mita. Sikujua. Ninakwenda kuuliza leo.