Mwenye digrii na darasa la kwanza: chuo kikuu kiandae walimu wa msingi?

Mleta mada (Rungwe)
Wadau, habari za jioni. Najua hili litawaudhi baadhi ya walimu wenzangu, ila acha nilimwage. Nina shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili. Miaka mitatu chuoni niliandaliwa kwa sekondari, na TP (mazoezi ya kufundisha) zote mbili nilisimama mbele ya kidato cha pili na cha tatu. Kisha serikali ikaanza kuwahamishia shule za msingi walimu wa sanaa waliozidi sekondari, nami nikawemo. Januari 2018 mwalimu mkuu akanikabidhi darasa la kwanza. Watoto tisini na ushee, na mvua ya huku ikipiga bati hujisikii unachosema.

Siku ya kwanza nikaandika m na a ubaoni. "Hii em, hii a. Tukiziunganisha tunapata nini?" Kimya. Kitoto kimoja cha mbele kikajibu: "Ema." Kwa nilivyokifundisha, kilikuwa sahihi kabisa!

Mama mmoja wa Daraja la IIIA, yaani mwalimu wa cheti, aliyebakiza miaka michache kustaafu, alikuwa akipita dirishani. Akaingia bila hodi, akafumba mdomo: "Mmmm." Darasa zima likamfuata. "Mmmm-a." Ma! Dakika mbili tu. Kesho yake akaniletea mfuko wa vizibo vya soda vya kuhesabia, akanionyesha jinsi ya kuwaandikisha watoto herufi hewani kabla hawajashika penseli. Hayo yote sikuyasikia chuoni hata siku moja.

Hoja yangu: vyuo vikuu viwe na wanachuo wanaoandaliwa kwa shule ya msingi tangu mwaka wa kwanza, na TP yao waifanyie darasa la kwanza na la pili. Mnasemaje?

Mzazi, Uyole
Pole mwalimu, ila umejijibu mwenyewe. Aliyekuokoa ni wa cheti. Vyuo vya ualimu tunavyo, Tukuyu kipo, Mpuguso kipo, na hiyo ndiyo kazi yao miaka yote. Digrii inaongeza nini kwenye a e i o u? Mkopo wa kulipa, basi.

Mwalimu wa cheti, Chunya
Mzazi, asante kwa kututetea, lakini usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mimi ni IIIA. Nikijiendeleza nikapata stashahada nakuwa IIIB, nikipata shahada IIIC, na mshahara unapanda kwa ngazi hizo. Sawa. Sasa angalia wanaojiendeleza wanasomea nini: Jiografia na Kiingereza, Historia na Kiswahili, masomo ya sekondari, maana ndiyo yanayopatikana kwa urahisi. Wakimaliza wanaomba kubadilishiwa kazi wapande huko juu. Yaani ngazi yetu ya kupanda ni mlango wa kutoka darasa la kwanza. Wanaobaki na wadogo ni waliokosa ada, au wakaidi kama mimi.

Kungekuwa na digrii ya kufundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) hasa, ningeisoma kesho.

Mwanachuo, Iringa
Shikamooni wakubwa. Niseme ukweli ambao hatuusemi. Nikiwaambia nyumbani kwamba nakwenda kufundisha msingi, mjomba atacheka hadi chai impalie: "Miaka yote hiyo ukafundishe vidudu?" Tunaosoma ualimu wengi tunawaza sekondari. Na kuna wahadhiri wetu ambao hawajawahi kushika chaki darasa la pili. Watatufundisha nini?

Mdau, Makambako
Mnasahau jambo moja. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inafanya elimu ya msingi iwe miaka sita, halafu sekondari ya chini miaka minne kwa kila mtoto kwa lazima. Hao watoto wote wa kidato cha kwanza nani atawafundisha? Ukiwavuta wenye digrii washuke msingi unafukua shimo huku unafukia lile.

Halafu tuna historia. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 taifa lilichukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Wengi wetu tulisomeshwa na walimu hao wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na tunasoma.

Mleta mada
Mdau, tulijifunza tuliojifunza. Waliokwama hawapo hapa kuchangia.

Mzazi ameuliza digrii inaongeza nini. Chukua neno "karanga". Huku kwetu mtoto anaandika "kalanga", kwa sababu Kinyakyusa hakina r na ndicho anachokiongea na bibi yake. Mwalimu asiyejua hilo ataweka kosa na kiboko. Anayelijua atacheza na sauti hizo wiki nzima, mtoto atashika. Kwa Wasafwa au Wahehe utakuta mambo mengine. Kujua lugha ya mtoto inavyoingiliana na kusoma kwake ni elimu pana, haimaliziki kwa miaka miwili ya cheti. Na uwiano tunaoambiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 mimi sijauona. Darasa la tisini linataka mtu anayejua nani amekwama wapi, siyo wa kupiga kelele tu.

Kwa mwanachuo, hapo umenishinda. Ndiyo maana nasema mama yule wa IIIA aitwe chuoni, apewe kipindi na posho, wahadhiri wakae nyuma na madaftari. Najua hawatakubali. Hana hata stashahada.

Mwalimu wa cheti, Chunya
Posho itakayoishia kwenye bodaboda! Lakini nitakwenda.

Mzazi, Uyole
Na yule wa "ema" yuko wapi sasa?

Mleta mada
Alimaliza la saba 2024, akafaulu. Bado anaandika kalanga.